Redio ya boti: kosa nililofanya mimi, na namna ya kufunga yako

Giza linaingia wiki hii na boti nyingi za dagaa zitatoka. Kabla hazijatoka, nataka tuzungumze kuhusu redio ya mawasiliano ya kwenye boti, ile ya VHF, ambayo wengi wenu mnaiita redio ya upepo. Nimelikwepa jambo hili muda mrefu kwa sababu ndani yake kuna kosa langu mwenyewe, na bwana samaki hapendi kusimama mbele ya watu akasema alikosea.

Kikundi kimoja cha upande wa Musoma Vijijini kina boti ya mbao ya mita tisa hivi, yenye mashine ya 15. Wakati wa giza inavua dagaa, na mwezi ukiwaka inabeba mizigo na watu kwenda na kurudi visiwani. Mimi ndiye niliyewashawishi wanunue redio. Niliwaambia simu haitoshi: mtandao hukatika ukiingia ndani, na hata ukiwepo, simu inaita mtu mmoja, ambaye huenda amelala. Redio inasikika na kila aliye karibu. Wakachanga pesa, wakanunua mbili: moja ya kufungwa kwenye boti, ya wati 25, na moja ya mkononi ya kukaa kambini. Fundi wa sola akaja kufunga. Mimi nikasimama pembeni nikielekeza, kitabu cha maelezo mkononi, nimekisoma nusu. Tukaijaribu boti ikiwa imefungwa ufukweni, redio ya kambini iko hatua hamsini. Ilisikika vizuri mno. Tukapiga makofi, tukanywa soda.

Miezi miwili baadaye boti ilikwenda Rukuba kuchukua dagaa wakavu. Ndani alikuwemo nahodha, vijana wawili, na mama mmoja mfanyabiashara wa Kiabakari aliyekuwa na magunia yake. Walitoka kisiwani usiku ili mzigo uwahi gari la asubuhi. Kama saa kumi alfajiri upepo ukapanda, maji yakaingia kwenye mafuta, mashine ikazima na haikuwaka tena.

Mnaokaa upande wetu wa Mara mnajua upepo huo. Usiku nchi kavu inapoa kuliko ziwa, hewa inatoka nchi kavu kwenda majini, na kwetu huku hiyo ni mashariki kwenda magharibi. Ndiyo maana mvua kubwa na radi za ziwani hupiga usiku na alfajiri. Maana yake nyingine ni kwamba boti iliyozimikiwa mashine saa hizo haisukumwi nyumbani. Inasukumwa katikati ya ziwa.

Usiku ule nilikuwa nimelala kambini kwa sababu asubuhi tulikuwa na kikao cha BMU. Kijana wa zamu akaniamsha: "Bwana samaki, redio inagonga." Nikasikiliza. Kimya, kisha "tk". Kimya tena. Dakika moja baadaye, "tk". Nikabonyeza nikauliza nani anaita. "Tk." Nikauliza tena, nikasema taja jina la boti. "Tk." Kwa karibu saa nzima nilikaa pale nikiuliza, na kila nilipouliza nilijibiwa mgongo huo mmoja, unaofifia kidogo kidogo, mpaka ukapotea.

Walipatikana saa nane mchana. Upepo ulikuwa umegeuka, sasa unatoka ziwani, na boti ya mizigo iliyokuwa inaelekea upande wa Bunda ikawaona, ikawafunga kamba, ikawavuta. Wote wanne walirudi wazima. Magunia kumi na moja ya yule mama yalibaki ziwani. Yalilowa yakawa mazito, wakayatupa ili boti isizame. Mtaji ule ulikuwa wa mkopo. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia hivi: "Bwana samaki, mimi nilikuwa nakusikia. Ulikuwa unauliza nani anaita, nani anaita. Sasa ulitaka nikujibu kwa mdomo gani?"

Walikuwa wananisikia kila neno. Kwenye redio, kusikiliza na kuongea ni kazi mbili tofauti. Redio ya wati 25 ikisikiliza inakula chini ya nusu ampea. Ukibonyeza kitufe uongee, inataka ampea tano hadi sita papo hapo. Betri yao ilikuwa hiyohiyo inayowasha taa, na taa zilikuwa zimewaka usiku kucha. Waya aliotumia fundi ulikuwa ule mwembamba wa taa za sola, wa 1.0, kutoka betri ya nyuma hadi redio ya mbele, kama mita sita. Hesabu mwenyewe: mita sita kwenda na sita kurudi, ukivuta ampea sita, waya huo peke yake unapoteza volti moja na zaidi. Redio nyingi za boti zimetengenezwa kwa volti 13.8 na zinavumilia kushuka hadi karibu 11.7. Yao ilikuwa inapata kumi na kitu. Kila nahodha alipobonyeza, redio ilijaribu kurusha, ikakosa nguvu, ikazima, ikawaka tena. Ule mgongo niliousikia ndio hilo jaribio.

Sasa sikieni sehemu inayoniuma zaidi. Redio hizo zina kitufe kimeandikwa H/L. H ni nguvu kubwa, wati 25. L ni nguvu ndogo, wati 1. Kwenye L redio inakula kama ampea moja tu, na betri yao iliyochoka ingeweza kutoa hiyo. Kitufe kilikuwa chini ya kidole cha nahodha usiku kucha. Nilipomuuliza alisema alidhani ni cha mwanga wa kioo. Sikuwa nimemwonyesha.

Mtasema wati moja ingefika wapi. Majini kinachoamua umbali kwanza ni kimo cha antena, si wati. Mawimbi ya VHF yanakwenda karibu kama macho yanavyoona. Ardhi inapinda, na mawimbi yanapita juu. Hesabu yake ni rahisi. Antena ikiwa mita 1 juu ya maji inafika karibu kilomita 4. Mita 4, kilomita 8. Mita 9, kilomita 12. Mita 25, kilomita 20. Kisha unajumlisha ya kwako na ya unayeongea naye. Antena yao ilikuwa mita moja na nusu juu ya maji, mimi nimesimama mchangani na redio mkononi: kilomita tano na tano, jumla kumi. Walipopita hapo nikawapoteza. Nyuma ya kambi ile kuna majabali kama mnavyoyajua ya Musoma, watoto hupanda kucheza. Ningepanda juu, hata mita 25 tu, ningepata kilomita 25 badala ya kumi. Sikupanda. Nilikaa chini nikiongeza sauti.

Basi tuje kwenye kufunga, na tuanze na betri maana ndiyo iliyotuangusha.

Redio iwe na betri yake. Isichangie na taa za dagaa, isichangie na kuchaji simu za vijana. Kusikiliza usiku wa saa kumi na mbili kunakula kama ampea-saa tano, na kuongea kwa jumla ya dakika kumi kwa nguvu kubwa kunakula moja. Kwa hiyo betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 inatosha na kubaki, kwa kuwa betri ya asidi hupendi kuimaliza zaidi ya nusu. Betri ya pikipiki ni ndogo mno. Paneli ya wati 30 mchana inairudishia. Waya uwe wa 4.0, mwekundu na mweusi, utoke moja kwa moja kwenye betri hadi redio bila kuungwa katikati. Fyuzi ya ampea 10, au ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha redio yako, ikae kwenye waya mwekundu karibu kabisa na betri. Fyuzi ikikaa upande wa redio, waya ukichubuka katikati hakuna kitakachozuia moto, na boti ya mbao yenye petroli haihitaji kushawishiwa.

Betri ifungwe kwa mkanda ndani ya sanduku, mbali na petroli. Redio yenyewe ikae kwenye kasha la mbao lenye mlango, mahali nahodha anapofikia akiwa ameshika usukani wa mashine, na iwe mbali na dira kama mnayo, walau mita moja, kwa sababu spika ina sumaku.

Antena ndiyo nusu ya redio. Kwa boti ya mbao omba antena ya nusu wimbi, yenye urefu wa kama mita moja. Zile fupi za robo wimbi zinataka bati au chuma chini yake zifanye kazi, na ubao si chuma. Isimamishe wima juu ya mlingoti, juu kadiri boti inavyovumilia. Mita nne juu ya maji si nyingi kwa boti ya mita tisa, mradi mlingoti una kamba tatu za kuushikilia. Antena iliyolazwa ubavuni mwa boti inatupa nguvu zake nyingi mahali pasipotakiwa. Hiyo nayo nimeiona.

Waya wa antena ni jambo la peke yake. Usikubali fundi akuletee kipande cha waya mweupe wa dishi kilichobaki kwa jirani. Redio inataka waya wa omu 50, wa dishi ni 75. Itafanya kazi kidogo, siwezi kusema haitafanya, lakini konekta zake hazikai kwenye redio, matundu ya maungio yanaingiza maji, na baada ya msimu mmoja umekufa ndani huku nje unang'aa. Nunua ule unaoitwa RG-58 kama safari yake haizidi mita tano au sita. Ukilazimika kwenda mbali, chukua RG-213 ulio mnene. RG-58 ya mita ishirini inakula zaidi ya nusu ya nguvu kabla haijafika kwenye antena, kwa hiyo usiache mzunguko wa waya uliobaki umefungwa chini ya benchi eti "utasaidia siku nyingine". Konekta ichomwe kwa risasi, si kukazwa kwa koleo tu, kisha izungushiwe utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Ziwa letu halina chumvi, hapo tuna bahati kuliko wenzetu wa Tanga na Kilwa, lakini unyevu ni uleule.

Kamwe usibonyeze kuongea antena ikiwa haijaunganishwa. Utaunguza redio siku ya kwanza.

Kuhusu kibali sitasema mengi. Masafa haya ni ya vyombo vya majini na yanasimamiwa na TCRA; ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Kituo chenu cha nchi kavu nacho kinahitaji kibali na kitapangiwa chaneli. Masuala ya usajili na usalama wa boti yapo kwa TASAC. Kama redio yako ina kitufe chekundu cha dharura chini ya kifuniko, kitufe hicho hakimtaji mtu mpaka kiingizwe namba ya chombo ya tarakimu tisa, na namba za Tanzania huanza na 674 au 677. Usijibunie namba. Na tafadhali msinunue zile redio ndogo za walinzi mkidhani ni kitu kimoja. Nyingi ziko kwenye masafa mengine kabisa. Utaita mpaka asubuhi na boti ya jirani haitasikia hata mkwaruzo.

Redio ikiwa imefungwa, angalia kwanza kwenye kioo. Nyingi zinakuja zimewekwa kwa mpangilio wa Marekani, utaona USA au U. Ibadilishe iwe INT. Kisha zungusha kile kitufe cha kukata kelele: ifungue mpaka isikike "shshsh", halafu rudisha taratibu mpaka kelele ikate, uishie hapo. Ukikaza zaidi utakata kelele pamoja na sauti ya mtu aliye mbali, ambaye ndiye unayemtaka.

Chaneli 16 ni ya kuitana na ya dharura. Ukishampata mwenzako, hamieni nyingine. Boti kwa boti mnaweza kutumia 6, 8, 72 au 77. Bei za dagaa hazijadiliwi kwenye 16. Chaneli 70 ni ya mashine kwa mashine, usiongee hapo. Bonyeza, subiri sekunde moja, ongea kawaida mdomo ukiwa vidole vitatu kutoka kwenye kinasa sauti, achia. Ukipiga kelele unasikika kama mtu aliye ndani ya pipa. Usipoachia kitufe, ukakikalia kwa bahati mbaya, umeziba ziwa zima na wewe mwenyewe husikii.

Kwa hatari ya maisha, yaani boti inazama, inawaka au mtu ametumbukia haonekani, unaanza na neno ambalo dunia nzima inalijua, linatamkwa "meidei". Kwa mfano: "Meidei, meidei, meidei. Hii ni boti" na jina mara tatu. "Tupo magharibi ya Rukuba, kisiwa tunakiona upande wa jua linapotoka, kama kilomita tatu. Tunaingiza maji. Tunahitaji kuokolewa. Tupo watu wanne, maboya manne. Ova." Jina na mahali vitangulie, kwa sababu betri ikifa baada ya maneno hayo, tayari mtu anajua aje wapi. Mashine ikizima lakini boti iko salama, neno ni "pan-pan" mara tatu badala ya meidei, mengine yaleyale. Kuhusu mahali, simu yako ya kupangusa inaonyesha namba za mahali ulipo hata pasipo mtandao. Jifunze kuzifungua ukiwa nchi kavu, na uzisome tarakimu moja moja.

Na kama unabonyeza na redio inazima, weka L. Andika kwa rangi kwenye kasha: IKIZIMA, WEKA L.

Sitaki mtu aniambie bwana samaki alisema redio inaokoa. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imekaribia gati la Bwisya pale Ukara, watu wa ufukweni wanaiona, na waliokufa walizidi 220. Boti iliyojazwa kupita kiasi haina muda wa kuita. Maboya kwanza, mzigo wa kadiri, kisha redio.

Lililobaki ni mtu wa kusikiliza, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Redio ya boti bila redio nyingine iliyowashwa ufukweni ni pambo. Kikundi kile sasa kimepandisha antena ya kambi juu ya jabali, kwa mlingoti wa bomba. Kuna zamu. Saa moja jioni mwenye zamu anakuwa ameshasikiliza utabiri wa TMA wa Ziwa Victoria, anauita kila boti na kuusoma. Saa sita usiku na saa kumi alfajiri anaita tena majina. Boti isiyojibu mara mbili, anaamshwa tajiri wake, hata kama ni Bunda mjini. Mwenye zamu analipwa kwa ndoo ya dagaa, na asiyetaka kuchanga ndoo hiyo haitwi jina. Walipoanza ilikuwa ugomvi. Siku hizi hata boti za kambi ya jirani zimeomba ziingizwe kwenye orodha.

Jaribio la redio hatulifanyi tena ufukweni kwa hatua hamsini. Boti inatoka kilomita nane, taa zote zimewashwa, inaongea kwa H, kisha kwa L, na mtu anasoma volti kwenye betri wakati kitufe kimebonyezwa. Ikishuka chini ya 12, haisafiri.

Yule mama wa Kiabakari amerudi kwenye biashara, ingawa mkopo ule ulimchukua mwaka na zaidi kuumaliza. Boti ni ileile. Kabla hajakaa, humwambia nahodha aite kambi kwanza, kwa L, na hatoi nauli mpaka amesikia kwa masikio yake kambi ikijibu.